Jeki ya Gari katika Kufundisha Mashine Rahisi

Mwalimu-mwanafunzi anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha hufurahi akipewa mada ya mashine rahisi, kwa kuwa mada hiyo ina michoro mizuri. Huchora wenzo, kapi, bao la mteremko, kabari na skrubu. Huandika egemeo, mzigo na jitihada. Wanafunzi hunakili, na kengele hulia. Mimi nami nilifundisha hivyo kwa miaka sita, na kila mwaka niliichora jeki ya gari ubaoni kuwa mfano wa skrubu. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini niliiacha njia hiyo, na ni kitu gani nilichokiweka mahali pake.

Wanaoifahamu Usangi wanajua kwamba barabara itokayo Mwanga huipanda milima ya Upare Kaskazini kwa kona nyingi, na kwamba nyumba nyingi zimejengwa juu ya ardhi iliyochongwa katika mteremko. Mahali palipo sawasawa ni haba. Mwezi wa Desemba watu wa kwetu waishio mijini hurudi nyumbani, na nyua hujaa magari ya kila namna. Mwaka mmoja kaka yangu alikuja na Toyota Celica kuukuu, gari la mwendo wa kasi lenye milango miwili na tumbo lililokaribia kugusa ardhi. Magari ya jina hilo yalishinda mbio za Safari nchini Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, lakini yale ya mbio yalikuwa yameinuliwa na kuwekewa bamba la kukinga chini. Hili halikuwa na kinga yoyote, na barabara ya mlimani ilikuwa imekwisha kulifundisha adabu.

Kaka alitaka kulitazama mwenyewe breki ya gurudumu la mbele. Aliliinua uani, penye mteremko mdogo, kwa jeki ya chupa iliyowekwa juu ya udongo mtupu ulionyeshewa na vuli usiku kucha. Nyuma ya gurudumu moja aliweka jiwe. Gurudumu likatoka, nati moja ikabingirika chini ya gari, na mwanawe, mtoto wa darasa la tano, akaingia kifudifudi kuifuata. Nilimshika mguu nikamvuta. Akalalamika, “Baba mdogo, nimeshaiona!” Muda si muda kitako cha jeki kilizama upande mmoja, jeki ikalala, na gari likashuka hadi diski ya breki ikachimba ardhi pale alipokuwa mtoto.

Sikumvuta kwa sababu nilikuwa naijua sayansi ya jambo lile. Nilimvuta kwa sababu alikuwa amevaa shati jipya la Krismasi na chini ya gari palikuwa na oili. Mkufunzi mwenye stashahada ya elimu, aliyeichora jeki ubaoni mara sita, hakuona hatari iliyokuwa mbele ya macho yake.

Basi niliporudi chuoni niliyapitia upya maandalio yangu ya somo, na nikaona kwamba nilikuwa nimefundisha jinsi jeki inavyoinua tu. Jinsi mzigo unavyobaki juu sikuwahi kuigusa, nayo ndiyo sehemu yenye sayansi nyingi zaidi na ndiyo inayohusu uhai wa mtu.

Tuanze na ardhi. Tuchukue kwamba pembe moja ya gari huikalia jeki kwa uzito wa kilo 300, na kitako cha jeki ni sentimeta 10 kwa 10. Kila sentimeta ya mraba ya udongo hubeba kilo 3. Sasa weka chini ya jeki ubao mgumu, mnene, wa sentimeta 30 kwa 30: uzito ule ule umegawanywa kwa sentimeta za mraba 900, na kila moja hubeba theluthi ya kilo. Hii ndiyo kanieneo, na darasani huhitaji gari kuifundisha. Jaza karai mchanga mbichi, simamisha tofali kwa ncha yake, kisha lilaze. Wanafunzi wapime kina cha alama kwa rula. Tofali ni lile lile, alama ni mbili.

Pili, msuguano. Vitabu vingi humfanya msuguano kuwa adui wa mashine, na walimu wetu hulirudia neno hilo bila kufikiri. Chukua jeki ya skrubu yenye mkono wa sentimeta 20. Ukiuzungusha mkono huo mara kumi, kiganja chako husafiri zaidi ya meta 12. Na kama kila mzunguko huinua milimeta 4, gari hupanda sentimeta 4 tu. Kwa hesabu tupu jeki hiyo huzidisha nguvu zaidi ya mara 300. Kwa kweli haifiki huko, kwa kuwa msuguano wa hesi hula sehemu kubwa. Lakini waulize wanafunzi: ukiuachia mkono, mbona gari halishuki na kuizungusha skrubu kinyumenyume? Ni msuguano ule ule unaolishikilia. Jeki ya chupa haina rafiki huyo. Hapo mzigo umekaa juu ya oili iliyofungiwa ndani ya silinda, na kinachoizuia oili ni mipira na vali ndogo. Mpira ukichakaa, gari hushuka taratibu bila sauti, au ghafula. Kwa hiyo jeki ya aina yoyote ni chombo cha kuinulia. Si chombo cha kufanyia kazi chini yake.

Tatu ni kuhama kwa gari. Breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, umeipoteza nusu ya breki hiyo. Na kama gari huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, gia nayo haitakusaidia, maana gurudumu lililo hewani litazunguka lenyewe na kuliacha jingine liende. Hapo ndipo inapoingia kabari, ambayo tumezoea kuichora ikipasua gogo. Kabari mbili za mbao, mbele na nyuma ya gurudumu lililobaki chini upande wa pili, zina kazi kuliko jiwe la mviringo. Upare ni nchi ya ukoo wa Washana, wafua chuma waliosifika, na hakuna sababu ya mtoto wa huku kudhani kwamba maarifa ya zana huanzia kitabuni.

Mpangilio wa kazi yenyewe nilimwandikia kaka, na nauandika hapa kwa kuwa walimu wengi sasa wana magari. Tafuta mahali pagumu palipo sawa. Tia breki ya mkono na gia, weka kabari. Legeza nati kidogo wakati gurudumu bado limekanyaga ardhi, maana kusukumana na spana gari likiwa juu ndiko kunakoliangusha. Gari la chini sana lipandishe kwanza juu ya mbao mbili za unene wa sentimeta 5, jeki ipate kuingia. Jeki ikae mahali palipoimarishwa na watengenezaji, ambapo kitabu cha gari huonyesha. Bati la sakafu na sampu ya oili havibebi mzigo. Ukiisha kuinua, weka stendi za chuma penye mhimili imara, teremsha gari lizikalie, kisha lisukume kwa mkono kabla ya kuingiza hata kichwa. Kama huna stendi, vigogo vipana vya mti mgumu vilivyopangwa kwa kupishana ni afadhali. Tofali la saruji lenye matundu hupasuka bila kutoa ishara.

Darasani sitaki gari kabisa. Naazima jeki ya skrubu, naiweka chini ya dawati lililopakiwa matofali, na kila kikundi huhesabu mizunguko na kupima kimo. Dakika kumi na tano hutosha. Makosa ya wanafunzi katika kupima yasikutie haraka ya kuwasahihisha. Mwache mwenzao aone kwamba hesabu hazilingani.

Dakika za mwisho nawatuma nje, vikundi vinne, wachague mahali pa kuinulia gari katika eneo la shule na watoe sababu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, katika shule moja ya mlimani, vikundi vitatu vilirudi na mahali pao. Cha nne, kikiongozwa na msichana mdogo kuliko wote, kilisema kwamba kimezunguka kote na hakikuona mahali panapofaa. Gari lishushwe hadi uwanja wa mpira. Niliwapa alama zote kumi, nikaenda kuupima uwanja.