Siri na Toba katika Riwaya Tatu za Marekani

Wako wazazi wanaodhani kwamba riwaya ni kitu cha kupotezea wakati tu. Lakini mwandishi hodari aweza kutuonyesha jambo tusiloliona kwa urahisi nyumbani mwetu: jinsi moyo wa mtu unavyoharibika kidogo kidogo, na jinsi unavyoweza kupona. Na tutazame vitabu vitatu vya Marekani.

Cha kwanza ni "The Scarlet Letter" cha Nathaniel Hawthorne, kilichotoka mwaka 1850. Katika mji wa Boston, karne ya 17, Hester Prynne alizaa nje ya ndoa, akahukumiwa kuvaa herufi nyekundu kifuani. Baba wa mtoto, mchungaji Arthur Dimmesdale, alinyamaza. Miaka saba ikapita. Mwanamke, ambaye kosa lake lilijulikana kwa wote, alifanya kazi ya kushona, akawasaidia maskini, akapata nguvu rohoni. Mwanamume, ambaye kosa lake lilifichika, alizidi kusifiwa na kuzidi kudhoofika. Mwishowe alipanda jukwaa la aibu, akaungama mbele ya watu, akafa.

Cha pili ni "The Great Gatsby" cha F. Scott Fitzgerald, cha mwaka 1925. Kijana maskini alibadili jina, akatajirika kwa magendo ya pombe wakati ilipokatazwa na sheria, kusudi ampate tena Daisy aliyempenda zamani, ambaye sasa ni mke wa mtu. Gatsby alidhani fedha yaweza kuifuta miaka iliyopita. Daisy, akiendesha gari la Gatsby, alimgonga mwanamke akamwua. Gatsby alikubali kubeba lawama, naye akauawa kwa ajili hiyo. Daisy na mumewe walikwenda zao. Humu hamna toba, kwa kuwa mwenye kosa hakusema, "Ni mimi."

Cha tatu ni "All the King's Men" cha Robert Penn Warren, cha mwaka 1946. Willie Stark aliingia katika siasa kwa nia njema. Alipokuwa gavana alijenga barabara, akataka kujenga hospitali kubwa ya bure. Lakini alitawala kwa vitisho na hongo, akiamini kwamba wema hauna budi kutengenezwa kwa ubaya. Alipoanza kugeuka, alipigwa risasi. Mtumishi wake, Jack Burden, alikuwa amefichua hongo ya zamani ya Jaji Irwin. Jaji akajiua, ndipo Burden alipojua kwamba yule alikuwa baba yake mzazi. Yeye aliyejiona mtazamaji tu akakubali kwamba ana sehemu yake katika mabaya hayo.

Basi, tofauti ni hii: Dimmesdale aliungama saa ya kufa, Burden alibaki hai, akalazimika kuishi na ukweli, Gatsby alijaribu kuununua upya wakati uliokwisha, akashindwa. Lakini wote watatu watufundisha kwamba si adhabu iharibuyo moyo kuliko vyote, bali siri. Hata nia njema haiiponyi.

Mzazi asomaye na watoto wake wakubwa asiwaulize tu, "Nani mbaya humu?" Heri awaulize, "Ni wapi mtu huyu angaliweza kusema ukweli mapema, na nani angalipona?"