Mwandishi wa Tanga, na Vitabu vya Kuchukua Likizo

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tulipewa kazi ya kueleza namna mwandishi mmoja wa Kiswahili alivyofanya kazi yake, wala si kueleza maana ya kitabu chake tu kama tulivyozoea. Mimi nilimchagua Shaaban Robert. Najua wengine watasema kwamba huyo amekwisha andikwa sana. Ni kweli, lakini aghalabu watu humsifu kwa majina makubwa, kisha husahau kuuliza maswali madogo: Je, alipata wapi wakati wa kuandika? Nani alilipa gharama ya kupiga chapa? Nitajaribu kuyajibu hayo kwa kadiri niwezavyo, halafu nitataja vitabu vyake vinavyofaa kuwekwa ndani ya sanduku siku ya kufunga shule.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akafariki mwezi wa Juni 1962. Katika umri wake wote, isipokuwa miaka ya mwisho, alikuwa mtumishi wa serikali. Tangu 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha. Kisha akawa katika idara ya wanyama miaka miwili, akahamia ofisi ya wilaya huko Tanga, na toka 1952 mpaka 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Jumla ni miaka 34 ya kukaa mezani na kuandika karatasi za watu wengine. Maisha Yangu kilitoka 1949, Kusadikika 1951, na Adili na Nduguze 1952. Vyote hivi vilitoka naye angali karani. Kwa hiyo vitabu tunavyovisoma sisi viliandikwa kwa wakati uliobaki baada ya kazi ya mchana. Mwanafunzi anayesema kwamba hana nafasi ya kuandika hata ukurasa mmoja kwa sababu ya masomo ya jioni, na aitazame hesabu hiyo.

Tena iko hesabu nyingine iliyonishangaza zaidi. Juu ya vita kuu ya pili, iliyopiganwa 1939 hata 1945, mwandishi huyu alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao una beti karibu 3,000. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachokwenda toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Basi beti 3,000 ni vipande 12,000, na kila kimoja lazima kihesabiwe. Tulifanya jaribio darasani. Watu wanne tulikaa pamoja kutunga beti kumi juu ya mechi ya mpira, tukapewa kipindi kizima cha dakika 40. Tulipata beti sita, na mbili katika hizo mwalimu alizikata kwa sababu mizani ilikuwa tisa. Mtu akitunga beti kumi nzuri kila siku bila kupumzika, beti 3,000 zitamchukua siku 300. Na ni nani awezaye kutunga beti kumi nzuri kila siku baada ya kutoka ofisini?

Sasa nije kwenye habari ya kupiga chapa, maana hapa ndipo wengi wetu hatuelewi. Kuna mpiga chapa na kuna mchapishaji, nao si mtu mmoja. Mpiga chapa ni mwenye mtambo. Ukimletea kazi na fedha atakupigia. Mchapishaji ndiye anayeusoma mswada, akaukubali au akaukataa, akatoa fedha zake, akalipa mpiga chapa, akauza vitabu, na kumpa mwandishi fungu lake. Mchapishaji akinunua haki yote kwa malipo ya mara moja, mwandishi hapati kitu tena hata kitabu kikiuzwa miaka hamsini. Vitabu vya kwanza vya Shaaban Robert vilikwenda mbali sana kutafuta mchapishaji. Kusadikika kilitolewa na Nelson, na Adili na Nduguze kilitolewa na Macmillan, wote wa London. Pambo la Lugha kilitolewa Johannesburg, Afrika ya Kusini. Fikiri basi: mtu yuko Tanga, anaandika Kiswahili kwa ajili ya watu wanaosema Kiswahili, na mswada wake unavuka bahari ili ukaamuliwe na watu ambao wengi wao Kiswahili si lugha yao.

Mwishowe aliamua kujichapishia mwenyewe. Alianzisha huko Tanga shughuli ya uchapishaji aliyoiita Art and Literature, yaani Sanaa na Fasihi, na kwa jina hilo vikatoka vitabu kama Insha na Mashairi na Masomo yenye Adili, mwaka 1959, na Almasi za Afrika, mwaka 1960. Wakati ule wenyeji wachache sana wa nchi hii waliweza kuthubutu jambo kama hilo. Mtu anayejichapishia hupata uhuru, kwa kuwa hapana mtu wa kumwambia ondoa sura hii au punguza beti zile. Lakini mzigo wote ni wake. Fedha hutoka mfukoni mwake kwanza. Vitabu vikifika vimefungwa, nyumba yake ndiyo ghala. Na duka likichukua nakala ishirini, yeye ndiye wa kwenda kudai bei yake. Mimi kwa maoni yangu sisemi kwamba kila mwandishi afanye hivyo. Mtu ambaye hawezi kuwadai wenye maduka ni afadhali atafute mchapishaji mwaminifu. Lakini nasema kwamba mtu aliyekwisha tolewa London mara kadhaa, kisha akachagua kubeba mzigo huo nyumbani kwake, hakuwa akitafuta sifa tu.

Wala hakupata muda mrefu. Alifariki akiwa na umri wa miaka 53, na miswada mingi ingali bado. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka 1967, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Zile beti karibu 3,000 hakuziona katika kitabu.

Hayo yatosha juu ya kazi yake. Sasa likizo.

Kitabu ninachokitanguliza ni Adili na Nduguze. Ni chembamba, na hadithi yake humshika msomaji tangu mwanzo. Adili ni liwali wa Janibu, chini ya Mfalme Rai wa Ughaibuni. Mjumbe wa mfalme, jina lake Ikibali, anakuja kudai kodi iliyochelewa, na usiku anamwona liwali huyu mwema akiwapiga manyani wawili, kisha akiwatendea kwa huruma. Siri ni kwamba manyani hao ni ndugu zake mwenyewe, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa ubaya waliomtendea. Msomaji wa Alfu Lela Ulela ataifahamu hadithi hii mara moja, maana humo yumo liwali wa Basra mwenye ndugu wawili waliogeuzwa mbwa, na mfalme wao ni Harun Rashid. Hapa ndipo pana somo la utunzi. Shaaban Robert aliuchukua mfupa wa hadithi ya kale, akauvika nyama mpya: Basra ikawa Janibu, mbwa wakawa manyani, na majina ya watu yakawa ya tabia zao, ili msomaji akisikia Hasidi ajue mara moja huyu ni mtu wa namna gani.

Likizo iliyopita nilikisoma kitabu hiki kwa sauti kijijini kwetu, wilaya ya Muheza, kwa sababu bibi yangu hajui kusoma na macho yake sasa yamefifia. Nilipofika kwenye manyani alininyamazisha. Akasema, “Mume wangu, hao si manyani. Ni mbwa. Mama yangu alinihadithia mbwa.” Alikuwa hajapata kusikia jina la kitabu hiki wala la Alfu Lela. Kisha akanihadithia yeye, na katika hadithi yake yule ndugu mdogo anasamehewa lakini mkubwa hasamehewi, na palikuwa na wimbo katikati ambao kitabuni haumo. Nilichukua daftari nikaanza kuandika. Mpaka shule inafunguliwa nilikuwa na hadithi tisa. Wimbo wa ile ya mbwa anaukumbuka nusu tu. Nusu ya pili imempotea, na mama hakuwahi kuushika. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kuandika, nami nataka kuimaliza likizo ya Juni kabla ya mtihani wa taifa, kwa kuwa mtihani utakuwapo Novemba, lakini wimbo ule sina hakika kama utakuwapo.

Kusadikika napenda kisomwe baada ya Adili, si kabla. Ni nchi iliyo angani, na humo mtu mmoja, Karama, anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa siku sita, kila siku akieleza habari za mjumbe mmoja aliyetumwa nje kutafuta mambo mema, akarudi, akatiwa gerezani. Wako wanafunzi wanaolalamika kwamba habari za wajumbe sita zafanana. Zafanana, nami pia nilichoka kwa mjumbe wa nne. Lakini kumbuka kitabu kilitoka 1951, nchi ikiwa chini ya utawala wa kigeni, na mwandishi akiwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Aliiweka nchi yake hewani ili aweze kusema ya ardhini.

Wasichana wa shule yetu, na wavulana pia, wasiache Wasifu wa Siti Binti Saad. Ni habari za mwimbaji wa taarabu wa Unguja, aliyezaliwa Fumba katika nyumba maskini, akauza vyungu mjini, halafu sauti yake ikafika Bombay kutiwa katika sahani za santuri mwaka 1928. Utubora Mkulima nawapendekezea wazee wetu, kwa maana huyo Utubora anaacha kazi ya mjini Unguja na kwenda kulima Busutamu. Mzee akikisikia kikisomwa, hatasema tena kwamba vitabu vinawatoa vijana shambani. Na aliye na subira asome Barua za Shaaban Robert, alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizohaririwa na Profesa M. M. Mulokozi, zikatolewa 2002.

Wazazi wanaosoma gazeti hili nawaomba jambo moja kwa heshima. Mtoto wa Kidato cha Nne akirudi likizo na kitabu cha hadithi, msidhani anakimbia masomo. Mpeni saa moja baada ya chakula cha usiku, na mkiweza mwambieni asome kwa sauti.

Maktaba yetu ina nakala tatu za Adili na Nduguze, mbili za Kusadikika, na moja moja ya Wasifu, Utubora na Barua. Nakala moja ya Kusadikika imekatika karatasi za mwisho, kwa hiyo atakayeichukua asome na mwenziwe mwenye nzima. Majina yanaandikwa kwa msimamizi wa maktaba mpaka Ijumaa ya juma la mwisho, kabla ya mlo wa mchana.