Ukiongoka, na Jembe Lako Liongoke



Likizo ya mwaka juzi nilifika nyumbani Mbinga nikamkuta Baba anachoma mabua shambani. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za kilimo kinachorudisha rutuba ya udongo, basi nikaanza kumhubiria palepale kwenye moshi. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akaegemea mpini wa jembe, akasema, "Sawa, Frateri. Kile kipande cha bondeni ni chako. Tuonyeshe." Nina shahada ya falsafa, lakini siku ile nilikosa la kusema.

Nitarudi kwenye kipande hicho. Kwanza niwaambie nilichokuwa nimesoma.

1. Mkulima aliyepoteza shamba

Brian Oldreive ni mkulima wa Zimbabwe. Si wa Kanisa letu, ila ana la kutufundisha. Ujanani alicheza kriketi ya kiwango cha juu, kisha akalima tumbaku ikampa fedha. Alipompokea Kristu, mwishoni mwa miaka ya 1970, dhamiri ilimsuta kuhusu tumbaku, akaiacha. Kulima mahindi peke yake hakukupata mkopo, na shamba likamponyoka. Sisi tukiongoka tunategemea mambo yanyooke. Kwake yalianza kwa kuharibika.

Baadaye, miaka ya 1980, akapata kazi ya kusimamia shamba kubwa la Hinton, Bindura. Lililimwa kwa trekta, mabua yakichomwa, na kila mvua kubwa iliondoka na udongo. Ikawa hasara juu ya hasara. Oldreive akasali, akamwomba Mungu amfundishe kulima. Halafu akaingia porini, akaangalia. Akaona mambo mawili: pori halilimwi na mtu, na udongo wake hauko uchi, umefunikwa na majani makavu. Hata hivyo miti imestawi.

Akajaribu hivyohivyo kwenye hekta 2 tu: hakutifua ardhi, hakuchoma mabua. Mazao yakawa mazuri, akaongeza kidogo kidogo mpaka ikafika hekta 1,000.

2. Kwa nini inafanya kazi

Mabua na nyasi vikifunika udongo, tone la mvua haliupigi moja kwa moja. Maji yanaingia taratibu badala ya kukimbia, jua halikaushi haraka, na vikioza vinakuwa chakula cha udongo. Kwa mkulima wa jembe la mkono, njia ni hii: unachimba vishimo kwa mstari, unatia samadi au mboji, unapanda mvua zinapoanza, unafunika. Mwaka unaofuata unapanda kwenye vishimo vilevile. Kifuniko hicho wenyewe wanakiita blanketi la Mungu. Mwaka 2020 serikali ya Zimbabwe ilieneza njia hii kwa wakulima wadogo kwa jina la Pfumvudza.

Nilipokuwa falsafa tulisoma kwa Aristotle kwamba ufundi wa mtu huiga maumbile. Niliikariri kwa ajili ya mtihani. Oldreive aliiishi bila mtihani.

3. Imani inasemaje?

Fungua Mwanzo 2:15. Mtu anawekwa bustanini kwa kazi mbili: ailime na aitunze. Wengi wetu tumeshika ile ya kwanza tu. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, anatuita kwenye wongofu wa kiekolojia, na anasema wazi kuwa wapo Wakristo wanaosali vizuri lakini wanaudharau wito huo. Nilipofika hapo nilijiona. Nasali masifu kila asubuhi, na maisha yangu yote sikuwahi kujiuliza kama moto wa shambani kwetu una uhusiano wowote na Muumba.

Lakini tuwe makini. Mtu asije akakuambia, "Lima kwa njia ya Mungu, utatajirika." Hiyo ni biashara, na Mungu hafanyi biashara na sisi. Tunautunza udongo kwa sababu ni wake, hata mwaka ambao mvua imegoma.

4. Kipande cha bondeni

Basi nikachimba vishimo likizo nzima, mikono ikatoka malengelenge. Bibi alikuja kuangalia, akacheka: "Mjukuu wangu, umekwenda kuyasoma mbali hayo? Na ngoro je?" Kweli! Sisi Wamatengo tangu zamani milimani tunafyeka nyasi, tunazilaza kwa miraba, tunazifukia, na katikati tunaacha shimo la kuzuia maji. Nyasi hazichomwi. Nilikuwa nimeipita hekima ya Bibi nikikimbilia kitabuni.

Halafu nikarudi seminarini. Kupanda na kupalilia vikamwangukia Mama, na magugu mwaka wa kwanza yalikuwa mengi kweli. Mavuno hayakuzidi ya Baba. Ila Mama aliniambia kwamba mvua zilipokatika mwezi wa pili, mahindi ya kipande kile yalichelewa kunyauka.

Baba hakusema kitu. Lakini likizo iliyofuata nilikuta nusu ya shamba lake mabua hayajachomwa, yamelazwa chini. Nikajifunza kwamba mahubiri yangu ya kwenye moshi hayakumgusa. Kilichomgusa ni jasho la Mama.

Kwa wiki hii

Wanaofundisha kilimo hiki wana kanuni nne: fanya kwa wakati, fanya kwa kiwango, usipoteze kitu, fanya kwa furaha. Hata kama huna shamba, jiulize: katika masomo yangu, duka langu, bodaboda yangu, ni ipi naivunja kila siku? Na je, kuna mzigo niliouanzisha mimi akaubeba mtu mwingine? Mtafute, umshukuru.

*Ee Mungu Muumba, umetupa udongo nasi tumeuacha uchi. Utuongoe mioyo, na mikono yetu pia. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.*