Somo kwa Makatibu: Taa ya Betri Ikiwaka Njiani

Chama cha msingi chenye gari kina mali ya wanachama inayotembea. Mali hiyo haifungiwi ghalani kama magunia ya pamba. Hutoka asubuhi ikiwa mikononi mwa dereva, na katibu haioni tena mpaka irudi. Kwa hiyo yafaa katibu, hata asiyejua kuendesha, azielewe dalili chache ambazo gari lenyewe huzionyesha. Mojawapo ni taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri, iliyo mbele ya dereva.

Maana ya taa hiyo

Watu wengi hudhani kuwa taa hiyo ikiwaka, betri imekufa. Mara nyingi sivyo. Betri ni ghala la umeme tu. Mkulima wa umeme huo ni altaneta, inayozungushwa na injini kwa mkanda wa feni. Taa inapowaka injini ikiwa inaunguruma, maana yake ni kwamba ghala linatolewa bila kujazwa. Chama kinachokimbilia kununua betri mpya kitaona gari likizimika tena siku ya pili, na betri mpya ikiwa tupu kama ile ya kwanza. Hapo fedha ya wanachama imepotea, na kasoro ingalipo.

Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Injini ikishika, lazima izimike. Isipowaka kabisa mwanzoni, balbu imeungua au waya wake umekatika. Hilo si jambo la kudharauliwa, kwani katika magari mengi ya zamani altaneta hupata umeme wake wa kuanzia kwa kupitia balbu hiyo.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, injini izimwe na mkanda utazamwe. Ukiwa umekatika, umepasuka au umelegea, chanzo kimepatikana. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, kwa kawaida usizame zaidi ya sentimeta moja hivi. Mkanda uliolegea hupiga kelele gari linapowashwa, na vumbi la kiangazi huumaliza upesi.

Pili, vichwa vya betri vikaguliwe. Unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita. Vioshwe kwa maji ya moto yenye magadi, kisha vikazwe. Waya wa hasi utangulie kufunguliwa na uwe wa mwisho kufungwa. Sigara na moto vikae mbali, kwa maana betri hutoa hewa inayolipuka.

Tatu, umeme upimwe kwa mita. Betri nzima ya volti 12, gari likiwa limezimwa na kutulia, huonyesha kama 12.6. Injini ikiunguruma ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5. Kwa lori la volti 24, hesabu hizo huzidishwa mara mbili. Ikibaki chini ya 13, betri haijazwi. Ikizidi 15, inajazwa kupita kiasi, maji yake yatachemka na kukauka.

Nne, ikiwa betri haijazwi ingawa mkanda na vichwa ni vizuri, fundi apime kwenye altaneta yenyewe. Ikisoma 14 huku betri ikisoma 12, kasoro ni waya au fyuzi iliyo kati yake. Altaneta nayo ikisoma kidogo, mara nyingi kaboni zimekwisha au kidhibiti umeme kimeharibika. Vipuri hivyo huweza kubadilishwa bila kununua altaneta nzima.

Taa ikiwaka safarini

Dereva asimame mahali salama na kutazama mkanda. Katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji. Ukikatika, injini huchemka kwa dakika chache, na kuendelea ni kuiua. Mkanda ukiwapo, azime redio na kila kisichohitajika, asizime injini ovyo, aelekee kwa fundi aliye karibu. Usiku asijidanganye: taa kubwa mbili za wati 55 hula zaidi ya ampea 9, na betri isiyojazwa haitafika alfajiri. Kamwe asifungue waya wa betri injini ikiunguruma, maana huenda akaiunguza altaneta.

Kabla ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, gari lenye kasoro hii lilijulikana mapema kwenye foleni ya kivuko cha Busisi: lilizimwa, na zamu yake ilipofika halikuwaka. Leo gari hutoka Sengerema hadi Kigongo bila kusimama. Raha hiyo yaweza kuificha kasoro mpaka ikajitokeza juu ya daraja, au gizani lori likiwa na shehena ya pamba.

Wajibu wa katibu

Kila safari iandikwe katika daftari la gari, pamoja na neno la dereva juu ya taa hiyo. Vocha ya kununulia betri isitiwe sahihi bila maandishi ya fundi yenye kipimo cha volti, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inaunguruma. Kipuri kilichotolewa kirudishwe chamani, Bodi ikione. Mkanda wa akiba ukae garini daima. Bei yake ni ndogo kuliko kulikodi lori jingine kuja kuhamisha mzigo.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini betri mpya haiondoi kasoro ya altaneta?
2. Mita inaonyesha 12.3 injini ikiunguruma. Kitazamwe nini kwanza?
3. Daftari la gari la chama chenu lina nafasi ya kuandikia dalili za ubovu? Kama halina, nani ataitengeneza, na lini?