Kazi ya mgodi hailipiwi kwa M-Pesa

Wadogo zangu, tuongee kidogo. Kuna barua pepe moja ambayo kila kijana wa Lubumbashi anaingoja: «Offre d'emploi», kutoka kampuni kubwa ya shaba kule Kolwezi au Fungurume. Siku inapoingia kwenye simu yako, ina nembo, ina muhuri, na mshahara umeandikwa kwa dola. Lakini ukishuka hadi chini kabisa, unaambiwa utume «frais de dossier» na pesa ya visite médicale, leo kabla ya saa kumi, kwa namba fulani ya M-Pesa au Airtel Money.

Yaya wenu anawaambia waziwazi: huo ni wizi. Mwajiri wa kweli hakuombi umtumie pesa kwa simu ndipo akupe kazi. Na tusiwacheke waliodanganywa. Wezi wanamtafuta yule mwenye diploma ya UNILU, chuo kikuu chetu, aliyekaa nyumbani muda mrefu, kwa sababu ana haraka na jamaa nzima inamtazama. Ile saa kumi imewekwa makusudi, usipate nafasi ya kumwuliza mtu.

Basi uliza. Jina la mtumaji lisikutishe, kila mtu anaweza kujiandikia jina analotaka. Liguse, anwani kamili itatokea, kisha soma kilichoandikwa baada ya arobazi (@). Kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi inaajirije kwa gmail.com? Wezi walio wajanja zaidi hutengeneza anwani inayofanana na ile ya kweli, wakabadili herufi moja au wakaongeza neno «recrutement». Kwa hiyo usijibu barua hiyo, wala usipige namba iliyomo ndani yake. Tafuta namba ya kampuni mahali pengine, nenda ofisini kwao, au pita ONEM, ofisi ya ajira ya serikali, uulize.

Halafu kuna faili iliyoambatishwa, na huo ndio mlango wa virusi. Kuanzia tarehe 4 Mei 2000 mamilioni ya kompyuta duniani yaliambukizwa na barua yenye kichwa ILOVEYOU, iliyoanzia Ufilipino. Faili yake iliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa inaficha mkia wa mwisho, watu wakaona TXT tu, wakadhani ni maandishi ya kawaida. Ujanja huo haujazeeka: leo utaona «contrat.pdf», kumbe nyuma yake kuna .exe. Ingia kwenye mipangilio ya kompyuta, uiambie ionyeshe majina ya faili hadi mwisho. Mkataba wa kazi hauwi programu.

Mlango wa pili mnaujua wenyewe: flashi. Unapeleka TFC, kazi yako ya kumaliza masomo, kuichapisha dukani, unarudi nyumbani, unakuta kila folda ina kamshale kadogo pembeni. Usibofye hako kamshale! Mara nyingi folda zako bado zipo, zimefichwa tu. Ichunguze flashi kwa antivirusi kwanza, kisha agiza kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Na siku nyingine beba flashi yenye faili ya kuchapisha peke yake. Kazi yenyewe ibaki nyumbani, na kopi nyingine ikae kwenye diski ambayo haichomekwi muda wote.

Antivirusi ya kununua si lazima. Windows ya siku hizi inakuja na Defender, inatosha kwa wengi wetu, mradi usiizime ili uweke programu ya kukraki. Najua pia mnazuia masasisho kwa sababu yanakula mega, na SNEL nayo inakata umeme katikati. Lakini virusi vya WannaCry, kuanzia tarehe 12 Mei 2017, viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 bila mtu kufungua barua yoyote, wakati Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tangu Machi. Ukipata wifi ya chuo au ya kazini, sasisha hapo.

Na kama umeshabofya? Kata intaneti kwanza. Chukua simu au mashine nyingine iliyo safi, ubadili neno la siri la imeili kabla ya mengine yote, maana mwenye imeili yako anaweza kufungua hata Facebook yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Virusi vikifunga faili zako na kudai pesa, usilipe: hakuna anayekuhakikishia utazipata.

Kama pesa imeshakwenda, piga simu mara moja kwa kampuni ya mtandao wako, kisha nenda polisi. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Code du numérique, na makosa ya mtandaoni yamo ndani yake. Usione haya, na usiifute ile barua wala SMS ya malipo. Ndio ushahidi wako.