Faraja Chini ya Mretemu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 19:1–18, Zaburi 88, Yohana 11:17–44, Ayubu 2:11–13, 2 Wakorintho 7:5–7, Wafilipi 2:25–30.

Fungu la Kukariri: Zaburi 34:18. Likariri kutoka katika Biblia yako, na ulisome kwa sauti kila siku ya juma hili.

Mtu anapofiwa, siku za kwanza nyumba hujaa. Turubai linafungwa uani, viti vinaazimwa, akina mama wanapika, kwaya inaimba usiku kucha. Kisha mazishi yanapita. Turubai linafunguliwa, viti vinarudishwa, wageni wanapanda mabasi kurudi makwao. Juma la tatu mfiwa anaamka saa tisa usiku, nyumba iko kimya, na hapo ndipo msiba wake unapoanza. Sabato inapofika anakwenda kanisani. Mtu anamshika mkono mlangoni na kumuuliza anaendeleaje. Anajibu, "Vizuri, namshukuru Mungu." Ndilo jibu analojua kwamba linatarajiwa.

Wengine miongoni mwetu hubeba mzigo usio na kaburi wala turubai. Hawapati usingizi, au wanalala mchana kutwa. Chakula hakina ladha. Mambo waliyoyapenda hayawavuti tena. Hali hiyo inapodumu kwa majuma na kumzuia mtu kuendelea na shughuli zake, wataalamu wa afya ya akili huiita ugonjwa wa sonona. Wengi wenye ugonjwa huo hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa kwamba hawana imani.

Je, furaha ya Mkristo inamtaka afiche machozi yake? Juma hili tutatazama jinsi Mungu mwenyewe anavyomtendea mtu aliyevunjika moyo, ili tujue namna ya kupokea faraja yake, na namna ya kumpelekea mwingine.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Nabii Aliyetaka Kufa

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya aliomba nini, na Mungu alimjibu kwa kumpa nini kwanza?

Eliya alikuwa ametoka tu kwenye ushindi mkubwa kuliko wote katika huduma yake. Moto ulikuwa umeshuka Karmeli, mvua ilikuwa imenyesha baada ya ukame mrefu, naye alikuwa amepiga mbio mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli. Kisha ukaja ujumbe mmoja wa Yezebeli, na nguvu zikamwisha. Alikimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima peke yake. Akaketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Hakuwa mtu wa kwanza kuomba hivyo, wala wa mwisho. Musa aliwahi kuomba kifo alipolemewa na mzigo wa kuwaongoza watu (Hesabu 11:14, 15). Yeremia aliilaani siku aliyozaliwa (Yeremia 20:14–18). Biblia haikuficha habari hizi, wala haikuwafuta watu hawa katika orodha ya watumishi wa Mungu.

Sasa angalia utaratibu wa Mungu. Eliya alilala. Malaika akamgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, pamoja na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamhimiza ale tena, akikiri kwamba safari iliyo mbele yake inamzidi nguvu. Hapakuwa na hubiri wala karipio. Swali la Mungu kuhusu kwa nini yuko pale lilikuja baadaye sana, kule Horebu, baada ya siku arobaini. Kwanza ulikuja usingizi, kisha chakula na mguso wa mkono.

Aliyeuumba mwili anajua kwamba roho iliyochoka hukaa ndani ya mwili uliochoka. Kwa hiyo kulala, kula, na kukubali kuguswa kwa upendo ni sehemu ya uponyaji wake.

*Umewahi kujilaumu kwa uchovu ambao Mungu hakukulaumu kwa ajili yake? Ungefanya nini leo ili kuupokea "mkate na maji" anaokupatia?*

JUMATATU
Ombi Linaloishia Gizani

Soma Zaburi 88. Ni mstari gani katika zaburi hii unaoonyesha tumaini? Zaburi inaishaje?

Zaburi nyingi za maombolezo huanza na machozi na kumalizika kwa sifa. Zaburi ya 13 ni hivyo, na ya 22 pia. Zaburi ya 88 sivyo. Mwandishi analia mchana na usiku, anajiona kama mtu aliyekwisha kuhesabiwa pamoja na wafu, rafiki zake wako mbali naye, na neno la mwisho la zaburi yake ni giza. Hakuna "lakini" inayogeuza mambo.

Hata hivyo zaburi hii haikutupwa. Kichwa chake kinasema ni ya wana wa Kora, na ya mwimbishaji. Maana yake iliimbwa. Waisraeli waliokusanyika kuabudu waliwekewa wimbo wa mtu ambaye bado hajatoka shimoni, ili aliye shimoni asikae nje ya ibada akisubiri kwanza apate nafuu.

Tena angalia mstari wa kwanza. Kabla ya malalamiko yote, mwandishi anamwita Mungu kuwa ni Mungu wa wokovu wake. Tumaini lote la zaburi hii liko hapo, katika kujua ni nani anayelalamikiwa. Mtu aliyepoteza imani hunyamaza au huondoka. Huyu anabisha hodi mlangoni asubuhi kwa asubuhi (mstari wa 13), ingawa hajafunguliwa.

Kwa hiyo usiku ambao huna la kusema ila "Bwana, mpaka lini?", bado unaomba. Mungu hakuwekei sharti la kuwa na uso wa furaha ndipo akusikie.

*Kwa nini hutuwia vigumu kumwambia Mungu ukweli wa moyo wetu? Andika leo ombi fupi lisilopambwa.*

JUMANNE
Machozi Penye Kaburi

Soma Yohana 11:17–44. Martha na Mariamu walimwambia Yesu maneno yaleyale. Yesu alimjibuje kila mmoja wao?

Lazaro alikuwa kaburini siku nne. Martha alitoka kumlaki Yesu njiani. Mariamu alibaki nyumbani. Kila mmoja kwa wakati wake alimwambia Yesu kwamba kama angalikuwapo, ndugu yao hangalikufa. Maneno ni mamoja, lakini majibu ni mawili. Na Martha Yesu alizungumza juu ya ufufuo na uzima. Na Mariamu hakuzungumza mengi. Alipomwona akilia, aliugua rohoni, akauliza walipomweka, naye akalia.

Yesu alilia akijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro angetoka kaburini akiwa hai. Tumaini la ufufuo halikukausha machozi yake. Kama ni hivyo kwake, si haki kumwambia mfiwa, "Usilie, utamwona asubuhi ya ufufuo." Atamwona, ndiyo. Lakini leo kiti chake mezani ni kitupu.

Sisi Waadventista tunaamini kwamba wafu wamelala, hawajui neno lo lote, nao wanaingoja sauti ya Bwana. Fundisho hili ni faraja kubwa: mpendwa wetu hateseki, wala hatuhitaji kuogopa mizimu yake. Lakini Paulo alipowaandikia Wathesalonike juu ya waliolala (1 Wathesalonike 4:13–18), hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Kuna huzuni yenye tumaini, na hiyo ni ya waumini.

*Kati ya Martha na Mariamu, wewe unafanana na nani unapoomboleza? Hilo linakufundisha nini kuhusu kuwafariji watu wasiofanana nawe?*

JUMATANO
Siku Saba Bila Neno

Soma Ayubu 2:11–13 na 2 Wakorintho 7:5–7. Rafiki za Ayubu walifanya nini kilichokuwa chema? Mungu alimfariji Paulo kwa njia gani?

Elifazi, Bildadi na Sofari wanajulikana kwa hotuba zao mbaya. Mara nyingi tunasahau kwamba walianza vizuri. Walipanga kwenda pamoja, wakalia naye, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hawakusema neno, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makubwa. Walipoanza kueleza chanzo cha msiba ndipo walipomjeruhi.

Paulo naye anasimulia kwamba alipofika Makedonia hakupata raha. Nje palikuwa na vita, ndani hofu. Mungu, anayewafariji wanyonge, akamfariji. Kwa ndoto? Kwa malaika? La, kwa kuja kwake Tito. Faraja ya Mungu ilifika ikiwa na miguu yenye vumbi la safari.

Wakati mwingine mtu anayetumwa ni daktari au mshauri. Mungu alipomwahidi Hezekia uponyaji, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:5–7). Ahadi na dawa havikugombana. Anayetumia dawa za sonona kwa maelekezo ya daktari hana imani ndogo kuliko anayetumia dawa za shinikizo la damu. Usimshauri mtu yeyote aache dawa zake ili aonyeshe imani.

Na mtu akikuambia kwamba angependa afe, usimkemee, wala usidhani anatania. Muulize kwa upole na waziwazi kama anafikiri kujiua; kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kaa naye, ondoa karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, umpeleke hospitali mkiwa pamoja. Hata Eliya alikuwa hatarini zaidi baada ya kumwacha mtumishi wake Beer-sheba. Kama wewe ndiye unayewaza hivyo, mwambie mtu mmoja leo, kabla jua halijazama.

*Ni nani katika kanisa lenu ambaye turubai lake limefunguliwa na hakuna anayekwenda tena? Utamtembelea lini?*

ALHAMISI
Furaha na Huzuni Katika Waraka Mmoja

Soma Wafilipi 2:25–30 na 4:4–7. Paulo anawezaje kuamuru furaha katika waraka uleule anaokiri huzuni yake?

Waraka kwa Wafilipi hujulikana kuwa waraka wa furaha, nao uliandikwa kifungoni. Lakini katikati yake Paulo anasimulia kwamba Epafrodito aliugua karibu ya kufa, na kwamba kama angalikufa, yeye Paulo angalipata huzuni juu ya huzuni nyingine. Maana yake, alipokuwa akiandika juu ya kufurahi alikuwa tayari na huzuni moja kifuani.

Basi Paulo anapotuita tufurahi katika Bwana siku zote, hatuiti tujifanye. Angalia mahali ilipo furaha hiyo: katika Bwana. Haimo katika hali zetu, kwa hiyo hali zetu zikianguka yenyewe haianguki. Huweza kukaa nyumba moja na huzuni, kama taa inavyokaa ndani ya chumba usiku. Taa haifanyi usiku kuwa mchana; humwezesha aliye ndani kuona mahali pa kukanyaga.

Rudi kwa Eliya. Horebuni Mungu hakumweleza kwa nini Yezebeli bado anatawala. Alimpa sauti ya utulivu, kazi ya kufanya, mwenzake aitwaye Elisha, na habari kwamba watu elfu saba hawakumpigia Baali magoti. Alijiona amebaki peke yake. Hakuwa peke yake. Furaha mara nyingi hurudi hivyo: pole pole, kwa kazi ndogo iliyo mbele yetu na kwa mtu wa kutembea naye.

*Taja jambo moja katika Bwana ambalo msiba au ugonjwa wako haujaweza kukunyang'anya.*

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Katika kitabu cha Ellen G. White *Manabii na Wafalme*, soma sura ya 12 na ya 13, zinazoeleza safari ya Eliya hadi Horebu. Mwandishi wake aliijua njia hiyo. Mwaka 1860 alimzika mwanawe mchanga, John Herbert. Mwaka 1863 alimzika Henry, kijana wa miaka 16. Tarehe 6 Agosti 1881 mumewe, James, alifariki baada ya karibu miaka 35 ya ndoa. Kitabu chake juu ya maisha ya Kristo, *Tumaini la Vizazi Vyote*, kilitoka mwaka 1898. Sura ya kufufuliwa kwa Lazaro iliandikwa na mama aliyesimama penye makaburi ya watoto wake, na mjane aliyejua jinsi nyumba inavyokuwa kimya.

Maswali ya Kujadili:

1. Mungu alimlisha Eliya kabla ya kumuuliza swali. Kanisa lenu hufanya nini kwanza mtu anapovunjika moyo? Ni nini kinachohitaji kubadilika?

2. Katika ibada zenu, je, kuna nafasi ya mtu aliye katika hali ya Zaburi 88? Angeonekanaje na angesikiwaje?

3. Mshiriki anawaambia darasani kwamba anatumia dawa za sonona. Jadilini maneno yatakayomponya na maneno yatakayomfanya asirudi Sabato ijayo.

4. Kama darasa, pangeni zamu ya kuwatembelea waliofiwa katika mwezi wa pili, wa tatu na wa sita baada ya mazishi. Nani ataanza, na atakwenda kwa nani? Beba chakula, na usiwe na haraka ya kusema.