Mzee Akiwa "Kwako": Kabla Hujauliza Makao ya Wazee Yako Wapi



Muhula uliopita, katika darasa letu la Alhamisi, ndugu mmoja aliuliza kama inajuzu Mwislamu kumpeleka mzee wake kwenye makao ya wazee. Ustadhi hakuwahi kufungua kinywa. Nusu ya chumba ilishajibu: haramu, hiyo ni mila ya Wazungu. Nilinyamaza kimya. Siku tatu kabla ya darasa hilo mimi na mama tulikuwa tumetoka kukagua makao mawili kwa ajili ya Mama Mkubwa, na sikutaka wenzangu wajue.

Makala haya ndiyo jibu ambalo ningelitoa siku ile kama ningelikuwa na ujasiri.

Mama Mkubwa ni dada yake mama, ana miaka 78, mjane asiyejaaliwa mtoto. Aliishi Arua peke yake hadi alipoanguka akavunjika nyonga, ndipo tukamleta Kabalagala. Tunapanga vyumba viwili nyuma ya maduka. Kuna ngazi nne za kupanda, choo kiko nje, na anayejua Kabalagala anajua muziki wa baa hauzimwi hadi adhana ya alfajiri iukute. Mama anatoka asubuhi kwenda sokoni na anarudi saa moja jioni. Mimi narudi kutoka chuoni saa saba mchana. Kwa hiyo kuanzia saa saba hadi saa moja, mlezi ni mimi.

Nilijiona nafanya vizuri. Nilimpakulia chakula, nilimsomea, nilimgeuzia mkeka kuelekea Qibla. Kisha akapata homa, tukampeleka hospitali, daktari akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo na akauliza mgonjwa anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mama Mkubwa akajibu kwamba baada ya swala ya adhuhuri hanywi kabisa. Alipoulizwa sababu, alinitazama tu. Usiku alimwambia mama: hakutaka kijana wa kiume amshike mkono kumpeleka msalani, basi akaamua asiwe na haja ya kwenda.

Alikuwa kwetu, chini ya paa letu, anapendwa, na alikuwa anajikausha koo ili asitutie aibu.

Sasa turudi kwenye dalili. Aya ambayo sote tunaihifadhi katika mlango huu ni ya 23 ya Suratul Israai, pale Mwenyezi Mungu (S.W.) alipoamrisha wema kwa wazazi na kukataza hata neno dogo la kuchoka nao. Ndani ya aya hiyo kuna neno moja tunalipita haraka: 'indaka, yaani kwako. Uzee wao unatajwa ukiwafika wakiwa kwako. Imam Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 Hijria, alisimama kwenye neno hilo katika tafsiri yake akauliza maana yake. Jibu lake, kwa muhtasari, ni kwamba wazee wamedhoofika, wamekuwa mzigo juu ya mtoto wao, hawana mwingine wa kuwatazama, wako nyumbani mwake na katika hifadhi yake. Na huenda akalazimika kuwafanyia yale waliyomfanyia yeye alipokuwa mchanga. Mujahid, katika maneno aliyopokea Tabari, hakuzunguka: alitaja haja kubwa na ndogo. Kama wao walivyokusafisha bila kinyaa, nawe usionyeshe kinyaa.

Tazama basi wanachuoni hao wanavyoielewa "kwako". Nyumba imo ndani ya maelezo, ndiyo. Lakini imo pia hifadhi, na imo kazi ya mikono. Sisi tumechukua nyumba tukaacha mengine. Tunadhani mzee akilala chini ya paa letu basi aya imetimia, hata kama kutwa nzima yuko peke yake na televisheni.

Kuna atakayesema: aya ni ya wazazi, na huyu ni shangazi au khalati tu. Kwa upande wa khalati, dada wa mama, Mtume (S.A.W.) alishahukumu. Katika kisa cha binti wa Hamza, kilichomo katika Sahihi Bukhari, watu watatu waligombea kumlea: Ali, Jaafar na Zaid. Mtume akampa mke wa Jaafar kwa sababu alikuwa khalati wa mtoto, akasema khalati yuko katika daraja ya mama. Kisa kile ni cha malezi ya mtoto, na mafakihi hawakukitumia kumpa khalati hukumu zote za mama. Lakini heshima na wema tunavichukua kutoka hapo bila wasiwasi.

Hapa pana jambo la fiqhi ambalo wengi wetu wa madhehebu ya Shafi hatulijui, na mimi lilinishtua. Nafaqa, yaani matumizi yanayolazimika kisheria, kwa Mashafi yanamlazimu mtu kwa wazazi wake na wazazi wa wazazi wake, na kwa watoto na wajukuu wake. Dada na khalati hawamo. Wahanafi wanapanua hadi kila ndugu wa damu aliye maharimu, na Wahanbali wanaangalia nani anamrithi nani. Kwa hiyo mjomba wangu mmoja, katika kikao cha familia, alikuwa na haki kimadhehebu aliposema si wajibu wake kumlisha dada yake. (Kuunga udugu ni wajibu, hilo halina khitilafu, ila yeye aliongelea pesa.)

Lakini hukumu hiyo hiyo ina upande wa pili. Mtu ambaye nafaqa yake haikulazimu, akiwa fukara, inajuzu kumpa zaka yako. Na katika hadithi aliyopokea Tirmidhi kutoka kwa Salman bin Amir, sadaka kwa jamaa inahesabiwa mara mbili: ni sadaka na ni kuunga udugu. Wajomba zangu wawili wanafanya biashara na wanatoa zaka kila Ramadhani, huwapa watu wasiowajua. Nilipowaeleza kwa adabu, mmoja alicheka akasema, "Mwanangu, umenifunga kwa kamba yangu mwenyewe." Mwingine alikwenda kwanza kumuuliza sheikh wake Kibuli, akarudi amekubali.

Msaada wa serikali nao usisahaulike, ingawa kwetu haukufaa. Mpango wa kuwapa wazee shilingi 25,000 kwa mwezi ulipopelekwa nchi nzima, umri wa kuandikishwa uliwekwa miaka 80. Mama Mkubwa alipungukiwa na miaka miwili. Kama mzee wako ametimiza, hakikisha kitambulisho chake cha taifa kina mwaka sahihi wa kuzaliwa, maana hapo ndipo wazee wengi wanapokwama.

Sasa hilo la "mila ya Wazungu". Unguja kuna nyumba za wazee Sebleni, zinazotunzwa na Serikali ya Mapinduzi, na hakuna atakayesema Wazanzibari wameacha Uislamu. Istanbul kuna Darülaceze, makao ya wasiojiweza yaliyofunguliwa mwaka 1896 zama za Sultan Abdulhamid wa Pili. Ndani ya uzio wake kuna msikiti, kanisa na sinagogi, ili kila mzee aabudu kwa dini yake. Na kabla ya wote hao, Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, amepokea kisa cha Sayyidna Umar kumkuta mzee Myahudi kipofu akiomba mlangoni kwa watu. Alimchukua nyumbani kwake akampa kitu, kisha akaagiza hazina ya Waislamu imtazame yeye na walio mfano wake. Mzee asiye na mtu ni mzigo wa jamii.

Hapa Kampala makao yanayojulikana zaidi ni ya Nalukolongo, Mapeera Bakateyamba. Yalianzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, yanaendeshwa na masista, na Papa Francis aliyatembelea alipokuja Uganda Novemba 2015. Nasema hivi bila kumlaumu yeyote: juu ya kilima cha Kibuli tuna msikiti, shule na hospitali, na wazee waliojenga vitu hivyo walifikiri mbali. Mzee wa Kiislamu asiye na mtu, kwetu, bado tunamwachia jirani mwenye huruma. Jumuiya yetu hukusanya michango ya futari kila mwaka; hili nalo lingestahili kikao.

Nirudi kwenye ukaguzi wetu. Sitayataja majina makao tuliyokwenda. La kwanza tulitoka baada ya nusu saa, kwani ada ya mwezi ilikuwa zaidi ya kodi yetu ya miezi mitatu. La pili lilikuwa la kadiri, safi, sakafu haina ngazi, choo kina vyuma vya kushikilia. Nilikwenda na maswali niliyoyaandika kutoka kwenye vitabu vya fiqhi, nikidhani nitawashinda.

La kwanza lilikuwa nani humwogesha na kumpeleka chooni mzee wa kike. Mwanamume maharimu, kwa Mashafi, haangalii kati ya kitovu na goti, na dharura ndiyo inayoruhusu zaidi pale mwanamke anapokosekana. Mlezi akanijibu kwamba wanawake huhudumiwa na wanawake, mchana na usiku, na akanionyesha ratiba ukutani. Swali hilo hilo nyumbani kwetu jibu lake lilikuwa mimi.

Nikauliza swala. Mtume (S.A.W.) alimwambia Imran bin Husain, aliyekuwa na bawasiri, aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hadithi iko Bukhari. Basi mzee hahitaji mengi: ajulishwe wakati, aelekezwe Qibla, apate maji ya udhu au udongo wa kutayamamu. Mlezi alikuwa Mkristo, hakujua Qibla iko wapi, lakini alichukua kalamu akaandika. Kuhusu chakula alisema nyama hununuliwa kwa Waislamu buchani, na nilipoomba kuona jiko, hakukataa. Ushauri wangu: omba kuona jiko na choo, na urudi mara ya pili bila kutoa taarifa, saa za chakula cha usiku. Tulirudi hivyo, tukakuta wazee wamekaa mezani, wawili wanabishana.

Swali alilouliza Mama Mkubwa mwenyewe, kwa kuwa safari ya pili tulikwenda naye, halikuwamo kwenye karatasi yangu. Aliuliza, "Nikifa usiku, mtampigia nani?" Mlezi hakujificha. Alisema hawajawahi kufiwa na Mwislamu hapo, na hajui nani huosha maiti wala kwa nini tunazika haraka. Tulikubaliana kwamba anayetaka kumwacha mzee pale aandike namba za wanawake wawili waoshaji na za imamu wa karibu, karatasi ibandikwe ofisini.

Safari ya kwanza hatukwenda naye, na hilo ndilo kosa letu kubwa. Tulifanya kikao juu yake bila yeye. Katika kikao hicho alizuka mtu na wazo la kuuza kiwanja chake cha Arua ili ada ilipwe. Kiwanja ni mali yake. Ana akili timamu, anajua mipaka yake mti kwa mti, na hakuna ndugu mwenye haki ya kukigusa bila ridhaa yake, hata kwa nia ya kumsaidia. Alipokuja kuambiwa, hakukasirika. Aliuliza tu kwa nini hatukumwita.

Usiku ule niliichukua karatasi yangu ya maswali nikaijibu kwa nyumba yetu. Choo, tumeshindwa. Ngazi, tumeshindwa. Usingizi wa usiku, tumeshindwa. Mtu wa kuwa naye mchana, tumeshindwa nusu. Swala, chakula na mazishi tulipata. Lile makao lilipata pale tuliposhindwa na kushindwa pale tulipopata, na nilikaa na karatasi mbili mbele yangu nikiona haya kwa yale niliyowahi kuyasema misikitini kuhusu watu "wanaotupa wazee".

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu yule wa Alhamisi ni hili. Ukimpeleka mzee mahali bila ridhaa yake ili upumue, ukawa huendi kumwona, hayuko kwako, na hofu ya aya ile ni juu yako. Akiridhia, akahudumiwa na mikono inayofaa, nawe ukabaki ndiye anayejua dawa zake na siku zake, sioni dalili ya kusema ni haramu. Na aliye nyumbani aliyesahauliwa chumbani, naye hayuko kwako.

Mama Mkubwa alichagua kubaki, kwa sharti. Tulihama vyumba vile tukapata vya chini, upande wa kuelekea Kibuli, choo ndani. Zaka za wajomba wawili wamekabidhiwa wao wenyewe mkononi mwa Mama Mkubwa, na yeye ndiye anayemlipa dada mmoja wa mtaani anayekuja saa sita hadi magharibi. Karatasi ya yale makao ameiweka ndani ya msahafu wake. Anasema mama naye anazeeka, na mimi nitaoa.

Wiki ya kwanza ya yule dada nilirudi saa saba nikakuta jagi limekauka. Mama Mkubwa akanipa nikalijaze.